Yah: Maombi ya Kusajili Mkaratusi Kuwa Tawi la Maktaba

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Bodi tukufu inasalimiwa kutoka Kilolo, Mufindi, Rungwe na Mbarali, ambako watu wazima wamerudi kwenye foleni ya kusoma na kuandika. Safari hii foleni iko mlangoni kwa steshenari.

Chukulia fundi mwashi wa Kilolo. Kazi kajifunzia kwenye jukwaa la ujenzi, na VETA imemrasimishia ujuzi wake, cheti anacho. Tangazo la ajira likitoka, Sekretarieti ya Ajira inapokea maombi kupitia Ajira Portal tu: barua iliyosainiwa, vyeti vilivyothibitishwa, wasifu wenye wadhamini watatu, vyote vimeskaniwa. Kazi za umma za mafundi kama yeye zimehamia NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni. Mkewe na kikundi chake wakiitaka mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, nao wanaelekezwa mtandaoni. Serikali imehamia kwenye kioo, fundi kabaki na mwiko mkononi.

Basi anapanda gari hadi mjini. Kijana wa steshenari, ambaye wala halaumiwi, anamfungulia akaunti kwa baruapepe iliyotungwa papo hapo na nywila anayoijua kijana peke yake. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na cheti cha VETA vinalala kwenye kompyuta ya dukani pamoja na kadi za michango ya harusi. Fundi akiitwa kwenye usaili, wa kwanza kujua ni steshenari. Mtu mzima mwenye watoto anasimama nyuma ya kiti, anatazama maisha yake yakichapwa na mwingine, na herufi ikikosewa hathubutu kusema. Huku ni kudhalilishwa kwa malipo, tena bila risiti.

Bodi iwawie radhi waombaji. Heshima irejee mahali pake.

Maktaba za mikoa zipo, Iringa mjini na Mbeya mjini, na zinashukuriwa. Ila kwa mtu wa Busokelo, kule Rungwe, nauli ya kwenda kusoma ni mzigo tosha. Kwa sababu hiyo linaletwa ombi moja lenye uzito.

Vijiji kadhaa vya milimani havipati mtandao majumbani. Hupatikana kileleni, penye mkaratusi. Bodi inaombwa, kwa mamlaka iliyopewa na Sheria Na. 6 ya 1975, iusajili mkaratusi wa mtandao kuwa Tawi la Maktaba. Shina litakuwa idara ya marejeo. Matawi ya chini yatengwe kwa wanaojaza fomu fupi. Lile la juu kabisa, linaloelekea Ziwa Nyasa, liachiwe wenye viambatisho vizito. Saa za kazi zitaanza ukungu ukiondoka, jambo ambalo Rungwe hutangazwa siku ileile. Kimya kitadumishwa, isipokuwa kwa mwanachama aliyepokea wito wa usaili, ambaye ataruhusiwa kupiga yowe moja. Kula parachichi juu ya mti ni marufuku kwa ajili ya usalama wa walio chini. Wazee na wajawazito watahudumiwa shinani kwa kamba na kikapu: simu inapanda, uthibitisho unateremka. Mkutubi apelekwe chuo cha Bagamoyo kama kawaida, iongezwe tu moduli ya kupanda. Mwenye kizunguzungu asiombe. Watakaolalamika kwamba mkaratusi unakunywa maji mengi wajibiwe kwamba haujawahi kuomba bajeti ya umeme.

Hilo likishindikana, waletwe wanyama. Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa mwaka 1996. Mufindi kuna baridi, punda watatosha. Au vikao vya Bodi vihamie Ukwega, kule Kilolo, mwezi wa masika, wajumbe wajilipie bodaboda.

Kejeli hii isingekuwa na ladha kama nchi isingewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Zikafuata maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, na kufikia 1986 taifa lilijihesabia asilimia 90.4 ya watu wazima wanaojua kusoma na kuandika. Haya yalifanyika nchi ikiwa maskini kuliko leo. Kizazi cha wazazi wa fundi kilifundishwa bure palepale kijijini. Yeye anajua kusoma, na analipa ili asomewe. Nani alikaa kikao akaona hiyo ni hatua mbele?

Ombi halisi ni dogo. Kila kata ipewe chumba kimoja, kompyuta mbili, skana, intaneti iliyolipiwa, na mkutubi atakayemfundisha mtu mzima kufungua baruapepe yake mwenyewe na kuificha nywila yake. Fedha zitoke Bodi au zitoke halmashauri, wakubwa wataamua wenyewe; wananchi wamechoka kutumwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Matangazo mengi ya kazi hufungwa ndani ya wiki mbili. Bodi inaombwa ijibu kabla ya hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Waombaji.