Kasongo Bila O

Kasongo ni jina la herufi saba, na historia imezijaribu zote. Tippu Tip na watu wake walifika na misafara ya pembe. Aprili 1893 askari wa Dhanis wakauteka mji kwa jina la Mfalme Leopold. Wabelgiji wakatawala, wakaondoka, vita vikaja vikapita. Mji ulipoteza mengi, ila herufi haikupotea hata moja. Aliyekuja kuiondoa ya mwisho ni mpwa wangu, mtoto mpole, anayeamkia watu vizuri, mwenye kompyuta ya mkononi na diploma ya informatiki kutoka Lubumbashi.

Nina sekretaria karibu na soko: meza, printa, mashine ya fotokopi, na jenereta inayokohoa kama mzee kabla ya kuwaka. Mwaka wa shule ukiisha, madirekta hutuletea matokeo ya wanafunzi kwenye flashi ili tuyachape. Wa hapa mjini huja kwa miguu. Wa Kabambare huja kwa pikipiki, wamejaa vumbi hadi kwenye kope, na flashi wameifunga ndani ya plastiki, imefika safi kuliko wao.

Safari hii mkaguzi mmoja alitaka pia orodha ya faili zote, majina matupu. "Hii .doc ya mwisho inafanya nini kwenye ripoti yangu?" aliuliza. "Mkia huo uondoke."

Mimi nilikuwa tayari kuufuta mmoja mmoja. Mpwa wangu akanizuia mkono. "Mujomba, wacha. Hiyo ni mstari mmoja tu."

Ushauri kwa wenye biashara: kijana wa informatiki akisema "mstari mmoja tu", kanunue mafuta ya jenereta ya kutwa nzima.

Lugha anayoandikia programu zake inaitwa Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ambaye hakuwa akimfikiria chatu hata kidogo. Jina alilichukua kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Laiti ningeambiwa mapema kwamba chombo hiki kimetoka kwa wachekeshaji, ningeweka viti vya watazamaji.

Mstari wa kwanza uliiambia mashine ikate jina kwenye nukta. Mashine ikatii, ikakata kwenye nukta ya kwanza iliyoiona. Sasa, katika Kongo yetu shule ya msingi haiandikwi bila E.P. mbele yake. "E.P. Kasongo.doc" ikawa "E". "E.P. Kabambare.doc" nayo ikawa "E". Printa ikatoa ukurasa mzima wa E, moja chini ya nyingine. Direkta wa Kabambare akaushika, akausoma kutoka juu hadi chini, akavua miwani.

"Papa," akaniuliza kwa adabu, "mimi ni E ya ngapi?"

Kabla hatujamjibu, tukagundua kwamba kijana alikuwa ameshaupitisha mstari uleule kwenye nyimbo tunazowawekea motari kwenye simu, na huko hakutoa orodha tu, aliyabadilisha majina yenyewe. "Franco & T.P. O.K. Jazz - Mario.mp3" ikabaki "Franco & T". Nyimbo zote za Franco zikawa "Franco & T", na kwa kuwa kompyuta yake ni ya Linux, kila faili jipya lilimkalia mwenzake bila kubisha hodi. Kazi ya maisha mazima ya yule mzee ikabaki wimbo mmoja. Huo mmoja nao simu ilikataa kuupiga, maana bila .mp3 haikujua kama ule ni muziki au ni barua. Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu mkia. Sisi haututumikii kitu, lakini mashine ndio inaosomea.

"Nimeona kosa," akasema mpwa wangu. Faili za hesabu, zenye mkia wa .xls, akaziweka kando, atazirudia baadaye. Zile za .doc akaziandikia amri nyingine, iitwayo rstrip. Kwa macho yake, amri hiyo inaondoa ".doc" mwishoni. Kwa macho ya mashine, inaondoa kila nukta, kila d, kila o na kila c inayokutana nayo ikitokea nyuma, hadi igonge herufi ngeni. Ni kumwambia mtoto achambue mchele atoe vijiwe vyeupe, naye akatoa kila cheupe.

"E.P. Kabambare" ilitoka salama, kwa sababu e haimo kwenye orodha ya wahalifu. "E.P. Kasongo" ikatoka "E.P. Kasong".

Kabambare ilicheka hadi vumbi likaanguka. Nikachukua kalamu nikapima hasara ya jimbo. Kati ya teritwari saba za Maniema, tatu zingekatwa: Kasongo, Kibombo na Kailo. Kabambare, Lubutu, Pangi na Punia zingepona. Nchi yenyewe, ukiiandika Congo.doc, ingebaki Cong.

Direkta wa Kasongo alifundisha historia kabla ya kupewa ofisi, na mwalimu wa historia hakosi jiwe mfukoni. "Sisi tumekatwa mkia," akasema. "Nyinyi mlikatwa kichwa zamani. Livingstone alipolala kwenu mwaka 1870 na vidonda vya miguu, aliandika Bambarre. Ka yenu iko wapi?"

"Bambarre ni herufi nane," akajibu wa Kabambare. "Kasong ni sita. Hata bila kichwa tunawapita."

Nikawaagizia chai, maana mambo yalikuwa yanaelekea kwa machifu.

Mpwa wangu hakuwa peke yake. Mtego huo umewanasa waandishi wa programu wengi duniani, hadi mwaka 2020 toleo la Python 3.9 likaleta amri iitwayo removesuffix, inayoondoa mkia uleule uliotajwa na haigusi kingine. Lakini nayo ni mnyoofu mno: ukiiambia .doc, haiitambui .DOC ya direkta anayeandika kila kitu kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kijana akachagua njia ya tatu, splitext, inayotafuta nukta ya mwisho na kukata hapo, mkia uwe wowote. Faili za .xls nazo zikarudishwa kundini.

Akaiendesha. Orodha ikatoka nzuri, Kasongo na o yake. Tukapiga makofi. Kisha akaiendesha tena juu ya orodha ileile, "kwa kuhakikisha". Mikia ilikuwa imeshakwisha, lakini splitext haijui kushiba. Ikatafuta nukta ya mwisho iliyobaki, ikaikuta baada ya P. Shule zote zikawa "E.P".

"Angalau sasa nina herufi mbili," akasema direkta wa Kabambare.

Tukaanza upya kutoka kwenye flashi, mara moja tu, nami nikaketi na mkono juu ya swichi ya jenereta. Orodha ikatoka kamili. Mkaguzi akaja jioni, akaipitishia kidole, kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa E.P. Kasongo, na chini yake tena E.P. Kasongo. Ni shule mbili?"

"Hapana, Papa. Moja ni barua, nyingine ni hesabu. Ile .doc, hii .xls."

"Na mimi nitajuaje ipi ni ipi?"

Hakuna aliyejibu. Mpwa wangu alishaanza kufungua kompyuta. Nikaifunga, nikampa mkaguzi kalamu, nikamwonyesha ukurasa wa kwanza aanze kuirudisha mikia mwenyewe. Akaniuliza kama kalamu nayo inalipiwa.

Inalipiwa.