Mbuzi Aliyekula Tangazo la Mwenyekiti

Nyinyi mnaokaa nyumba za ghorofa mtanielewa haraka, na wanaokaa nyumba za chini wanivumilie. Katika majumba ya Michenzani, hapa mjini Unguja, mtawala hajulikani kwa kiti wala kwa kofia. Anajulikana kwa ufunguo wa chumba cha pampu. Maji ya mfereji yanaingia kwenye tangi la chini, pampu inayasukuma kwenda juu, na pampu inakula umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, unaonunuliwa kwa michango yetu. Mwenye ufunguo akitaka uoge, utaoga. Akikasirika, mkeo atakuamsha alfajiri uteremke ngazi na ndoo mbili, na hutakuwa na la kumjibu.

Kamati ya ngazi yetu ilichaguliwa zamani, binti yangu Nasra hajaanza skuli. Sasa Nasra anasoma sheria Chuo Kikuu cha Zanzibar, kule Tunguu, na mwenyekiti ni yule yule. Nyumbani kwangu anaitwa Bwana Koki. Jina kalibuni mke wangu, ambaye kwa kutoa majina hana simile. Kaka yake aliyehamia Marekani ni Texas. Mwanangu wa kiume ni Mkaguzi, kwa sababu anahesabu vipande vya nyama katika kila sahani kabla ya kusema bismillahi. Na mama yake mzazi, mkwe wangu, ni Mkuu wa Wilaya. Bibi huyu akija mjini kutoka Makunduchi, feni inahama, kitanda kinahama, na mimi nahamia sebuleni. "Mwanangu," huniambia asubuhi, "godoro lako gumu, lakini nimevumilia." Namwambia ahsante, mama. Ndiyo desturi yetu.

Bwana Koki hakuanza vibaya, nimpe haki yake. Pampu ya mwanzo ilipoungua, yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango kukusanya pesa, akakesha na fundi mpaka maji yakapanda. Tulimpenda. Kisha mikutano ikapungua, ikakoma. Mweka hazina alihamia Pemba, hakuwekwa mwengine, na daftari likabaki kwa mwenyekiti. Chumba cha chini ya ngazi, tulichokuwa tukiweka baiskeli za watoto na masufuria makubwa ya shughuli, kikakodishwa kwa muuza vocha, na kodi yake haijasomwa mbele ya mtu hata mmoja. Zikafuata faini. Kuanika zulia ukutani, faini. Kutwanga baada ya isha, faini. Mpwa wake anaosha gari kwa maji ya tangi na hatozwi kitu.

Mjane wa ghorofa ya tatu ndiye aliyethubutu kuuliza daftari. Koki yake ilifungwa siku ile ile, ikasemwa ni matengenezo. Hilo liliniuma kuliko zote. Mama yule analipa kama sisi, analea wajukuu, na maji yale si sadaka ya mwenyekiti hata ampe kwa kupenda na amnyime kwa kununa.

Basi tukajaaliwa kitinda mimba wetu, mtoto wa kike, na Mkuu wa Wilaya akaapa kwamba mbuzi wa akika hatanunuliwa mjini. "Mbuzi wa mjini tumbo lote karatasi," alisema kwenye simu, na kesho yake alishuka kwenye daladala ya Makunduchi na kikapu cha muhogo, madafu, na mbuzi. Sijui alikubaliana vipi na utingo. Nilipomtazama, utingo aligeuza uso.

Kumpandisha mbuzi ghorofa ya nne ni kazi ambayo mke wangu aliipanga na mimi niliitekeleza. Alipanda vizuri mpaka ghorofa ya pili, pale kwenye ubao wa matangazo, akagoma. Mimi navuta, Mkaguzi anasukuma, Mkuu wa Wilaya anatoa amri kutoka nyuma. Mke wangu akaita kutoka juu kwamba mchele umeungua, mimi nikainua kichwa kumjibu, na nilipokiteremsha tangazo la kanuni za ngazi lilikuwa limekwisha, imebaki pini.

Jioni Bwana Koki alibisha hodi. Faini shilingi 50,000: mnyama ndani ya jengo, na uharibifu wa mali ya wote. Mke wangu akamuuliza kwa heshima zote kanuni hiyo ilipitishwa kikao gani. Hakujibu. Usiku ule tangazo jipya likabandikwa, na mchango wa mwezi ukaandikwa shilingi 10,000 "kama ilivyokuwa katika tangazo lililoharibiwa". Sote tulikuwa tukilipa 5,000. Na koki yetu ikafungwa, usiku wa kuamkia akika, wageni wa watu wameshaalikwa.

Ungeiona nyumba yangu saa hizo. Mtoto analia, nepi zimejaa beseni, mchele wa pilau haujaoshwa, mbuzi yuko kwenye baraza ya nyuma akitafuna kamba ya nguo, na Texas anatuma ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwengine. Shemeji yangu huyu ana ushauri kwa kila jambo, na kila ushauri unaanza na "huku kwetu". Lakini usiku ule alinifungua macho. Alisema huko Frisco, Texas, mwaka 2008, jumuiya ya wenye nyumba iliiuza kwa mnada nyumba ya nahodha wa jeshi aliyekuwa vitani Iraki, kwa deni la michango lisilofika dola 1,000. Nyumba ilikadiriwa kuwa ya dola 300,000, ikauzwa 3,500. Mpaka mahakamani ndipo mtu aliporudishiwa nyumba yake. Na Miami, Novemba 2022, viongozi wa jumuiya ya mtaa wa Hammocks walikamatwa, wakishitakiwa kwamba wamejichotea pesa za wanachama, hesabu ya zaidi ya dola milioni mbili. "Shemeji," alisema Texas, "wao wana mawakili na kompyuta, na bado. Nyinyi mna daftari moja. Lishikeni."

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka yangu leo kasema la maana," kisha akanipa ndoo.

Nilipofika chini sikuwa peke yangu. Habari zilikuwa zimeshatembea. Vijana wa ngazi ya pili walijaza madumu kwao, wakayaleta mpaka mlangoni petu. Mjane wa ghorofa ya tatu, ambaye koki yake ilikuwa imefunguliwa juzi tu, alitoa mpira wake akalijaza pipa letu, akijua anaweza kufungiwa tena. Nilimwambia, bibi, utajiponza. Akasema, "Niponzeke na pilau, si bure." Wanawake walijipanga kwenye ngazi, ndoo ikitoka mkono huu inaingia mkono ule, mpaka jikoni, na kabla ya adhuhuri akika ilisomwa na watu wakala. Pilau ile siisahau. Mkaguzi alihesabu nyama akaridhika.

Baada ya sahani kuoshwa, Nasra akafungua mafaili yake. Akatueleza kwamba Zanzibar ina Sheria Namba 10 ya mwaka 2010 juu ya nyumba za fleti zenye wamiliki wengi, na Bara wana ya kwao, Namba 16 ya 2008. Majumba yetu ni makongwe kuliko sheria hizo, lakini msingi wake, alisema, unaeleweka hata na mtoto: fleti yako ni yako, ngazi na paa na mabomba ya pamoja ni ya wote, na anayeyasimamia anasimamia kwa niaba ya wenyewe. Mama yake akamwambia ayaandike hayo kwa herufi kubwa. Kisha mke wangu akaenda kumwita sheha wa mtaa wetu.

Kikao kilikaa baada ya alasiri, chini, watu wamekaa kwenye vidaraja na mikeka. Bwana Koki alikuja na ufunguo mkononi. Alisema yeye kajitolea miaka yote bila ya mshahara, na wenye majumba haya hawana shukrani. Hapo Mkuu wa Wilaya, ambaye hata fleti hana, alisimama.

Lazima nieleze. Majumba haya yalitokana na mpango wa mji wa 1968 uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, enzi ya Mzee Karume, na baada ya Mzee kuuawa Aprili 1972 ujenzi uliendelea. Ndiyo yakaitwa Nyumba za Maendeleo. Watu walikuja kujitolea kazi kutoka mitaani na mashamba. Mkwe wangu alikuwa msichana, akaletwa mjini kwa lori pamoja na wenzake.

"Mwenyekiti, mwanangu," alisema, "mchanga wa nyumba hii nimeubeba mie kichwani. Sikulipwa. Sikumfungia mtu maji. Daftari li wapi?"

Daftari, kwa maneno yake, liliroa. Sheha akauliza basi mchango halali ni kiasi gani. Bwana Koki akasema ni 10,000, na kama kuna anayebisha alete lile tangazo la zamani. Watu wakatazamana, maana lilikuwa tumboni mwa mbuzi na mbuzi tumboni mwetu. Ndipo Mkaguzi akapita kati ya miguu ya wakubwa na simu ya mama yake. Alikuwa amempiga picha paka aliyelala chini ya ubao, na juu ya paka, yote yanasomeka, yalikuwa maandishi: mchango wa mwezi, shilingi 5,000. Hapana faini ya mnyama. Hapana faini ya zulia. Hapana mahali palipoandikwa kwamba mtu atafungiwa maji.

Bwana Koki alikaa kimya, kisha akauweka ufunguo juu ya mkeka. Sheha akasimamia uchaguzi. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza, msaidizi wake ni mjane wetu, na mweka hazina, kwa sauti zote, ni mke wangu. Meza yetu ya chakula sasa ni ofisi ya ngazi nzima na sisi tunakulia mkekani. Daftari jipya linasomwa kila mwisho wa mwezi pale chini, mbele ya ubao. Mkuu wa Wilaya amesema harudi Makunduchi mpaka kodi ya chumba cha chini ya ngazi ijulikane ilikokwenda, kwa hiyo nalala sebuleni. Bwana Koki amepewa mpaka Jumapili kuleta hesabu, na mke wangu ameshaandika maswali yake, kurasa mbili.