Wasiliana na Fundi Aliye Karibu Nawe

Siku hizi ukitaka kusomea kazi ya mikono, mikono ndiyo kitu cha mwisho utakachoulizwa. Utaulizwa barua pepe, utaulizwa nywila yenye herufi kubwa na alama ya mshangao, utatakiwa kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na ukishathibitisha unakabidhiwa roboti akufundishe.

Mimi ni fundi wa sola hapa Migori mjini. Nimepanda mabati ya watu tangu enzi za paneli moja na betri kuukuu ya gari. Lakini zilipokuja kanuni za sola za mwaka 2012, uzoefu uliacha kuwa karatasi. Tuligawanywa madaraja: T1 kwa mifumo midogo ya hadi wati 100, T2 hadi wati 300, T3 kwa wakubwa wanaounganisha sola na gridi. Bila mafunzo hakuna leseni, na bila leseni, shule ikitangaza tenda unalisoma tangazo halafu unakwenda zako. Basi nikajisajili kwenye kozi ya mtandaoni, ya chuo ambacho jina lake nalimeza kwa sababu cheti changu bado wanacho wao.

Kozi ilinadiwa kwa mambo mawili: msaidizi wa akili unde anayejibu usiku na mchana, na msaada wa binadamu wa moja kwa moja. Huyu msaidizi, kwanza, ana adabu ya kutisha. Kila nikiuliza kitu ananisifu kabla ya kujibu. “Swali zuri sana!” Nimeuliza kwa nini video haifunguki: swali zuri sana. Nimeuliza choo cha kituo cha mtihani kiko wapi: swali zuri sana. Nyar Karachuonyo, ambaye tumekaa naye tangu watoto wetu hawajazaliwa, hajawahi hata mara moja kuliita swali langu zuri. Nilipomsomea haya majibu alisema huyo mtu ana shida ya pesa, nijihadhari.

Halafu msaidizi akaniambia nielekeze paneli kusini, kwa mwinamo wa nyuzi 35.

Sasa, Migori iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi moja na chenji kidogo. Ikweta yenyewe inapita Maseno, ukitoka hapa ni safari ya asubuhi tu. Jua letu linapita utosini. Likipenda linakwenda kaskazini kidogo, likichoka linarudi kusini. Paneli ya huku inalazwa karibu bapa, nyuzi kumi, kumi na tano hivi, ikitazama kaskazini, na huo mwinamo wenyewe ni wa kusaidia mvua ioshe vumbi. Ukiilaza kusini kwa nyuzi 35, ikifika Juni jua liko kaskazini, adhuhuri unapoteza karibu nusu ya nguvu. Ushauri ule ungemfaa mtu wa Madrid. Nilipomwambia hivyo, msaidizi alijibu: “Uko sahihi kabisa! Asante kwa kunikumbusha.” Nimelipa karo ili nimkumbushe mwalimu.

Nisiseme uongo lakini. Kuna mahali ambapo huyu kiumbe ananishinda mimi na walimu wote niliowahi kuwaona. Mpwa wangu yuko Homa Bay, anasoma kozi hiyo hiyo, na hesabu za volti, ampia na wati zilikuwa zimemkalia kooni tangu shule ya upili, kwa sababu aliyezifundisha alikuwa na mkono mwepesi. Msaidizi alimrudia hesabu ile ile kwa namna tofauti, kwa Kiswahili, saa tano za usiku, bila kumwita mjinga. Kijana akanipigia simu: “Mjomba, kumbe ni kugawanya tu!” Hapo nampa heko. Shida ni kwamba anayejua kugawanya hajui kilichopo mezani.

Na mezani kwetu kazi huja usiku. Waulize wavuvi wa omena wa Mbita na Muhuru Bay. Omena huvuliwa gizani, siku zisizo na mwezi, kwa taa zinazoelea majini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua pale Mbita kituo cha kuchaji taa za wavuvi kwa nguvu za jua, na tangu hapo sola imezoeleka ziwani. Maana yake ni kwamba taa ikigoma, inagoma saa nane usiku, mwenye taa yuko ndani ya mtumbwi, na anampigia fundi. Msaada wa binadamu wa kozi yetu unafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu.

Basi usiku mmoja mteja wa Muhuru ananiambia kontrola yake ya kuchaji betri inawaka taa nyekundu na kuzima. Nikamgeukia msaidizi. Akanimwagia sababu nyingi kiasi kwamba betri ya simu ilitishika: betri imeisha, betri imejaa, waya umelegea, joto, unyevu, programu ya zamani. Hakuuliza kontrola ni ya aina gani. Hakuuliza mita inasoma volti ngapi. Mwisho kabisa akaandika: “Tatizo likiendelea, wasiliana na fundi aliye karibu nawe.” Bwana, fundi aliye karibu nami ni mimi!

Wazee wetu walisoma kwa mbali kabla ya haya yote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikuu kishiriki cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa njia ya posta, kwa walimu wa msingi waliofundisha bila kuhitimu. Karatasi zilipanda basi, vipindi vilikuja redioni, na likizo ikifika waliitwa wakae ana kwa ana na wakufunzi. Posta ilikuwa polepole, lakini kazi yako ilirudi na wino mwekundu wa mtu aliyeisoma. Hata juzi juzi, huduma ya Shupavu 291 ya kampuni ya Eneza ilimwezesha mtoto mwenye simu ya mulika mwizi kutuma swali kwa ujumbe mfupi, akajibiwa na mwalimu wa kweli. Simu haikuwa na kamera wala intaneti. Ilikuwa na mwalimu upande wa pili.

Nasi tuna darasa la moja kwa moja, Ijumaa jioni. Robo ya kwanza ya kipindi ni “Mnanisikia?” Robo ya pili ni ya jamaa mmoja wa Gwassi aliyeacha kipaza sauti wazi, jogoo wake akawa anachangia mada. Bando linateketea. Lakini Ijumaa moja yule jamaa alisema kontrola yake mpya inakataa kuchaji, na mwalimu, dada mmoja asiyecheka ovyo, akamwambia ageuze kamera. Akatazama kidogo tu. “Ulifunga paneli kabla ya betri. Toa paneli. Sasa toa betri. Rudisha betri kwanza.” Kontrola hupima betri ndipo ijue inafanya kazi kwa volti 12 au 24, ukiilisha paneli mapema inakisia, na inakisia vibaya. Jamaa akarudisha, kifaa kikawaka kijani, jogoo akawika. Sijawahi kupata thamani ya karo yangu isipokuwa dakika zile.

Nikawaandikia wakubwa wa kozi, kwa heshima. Nikasema: msaidizi abaki, na hesabu zake abaki nazo. Ila kabla ya kujibu aulize mtu yuko wapi, ana kifaa gani, mita inasema nini. Majibu ya yule dada ya Ijumaa apewe ayasome. Akikwama, ampeleke mwanafunzi kwa binadamu pamoja na maelezo yote, tusianze tena na “Habari, nikusaidie nini?” Na huyo binadamu awe na zamu ya usiku, hata siku chache, zile za giza ambazo ziwani hakulaliki.

Jibu lilikuja haraka ajabu. Walishukuru kwa maoni yangu mazuri sana. Walinitaka niwape nyota, moja hadi tano. Halafu wakanijulisha habari njema: kuanzia muhula ujao kutakuwa na Kifurushi cha Dhahabu, ambapo mwanafunzi akiongeza karo ataweza kuongea na mtu saa zote.

Nilimsomea Nyar Karachuonyo. Alitulia kidogo, kisha akauliza kama huyo mtu ni yule dada, au ni mwingine tu wa kusema swali zuri. Nimewaandikia tena kuuliza. Anayejibu ni msaidizi.