Beleshi la Bwana Hazina

Kule Florida, ambako tufani ya mwaka 1715 ilizamisha meli 11 za Wahispania zilizosheheni fedha, bwana mkubwa ananunua kitambua chuma kwa bei ya pikipiki, kisha anabana senti kwenye beleshi la matundu. Anachukua la plastiki. Hongera! Kwenye mchanga mkavu halina neno, tena halikipigishi kifaa kelele. Ajaribu ufukwe ulioloa, uliojaa makombe: linapasuka shingoni, anabaki kufukua kwa kucha. Anarudi dukani kuchukua la chuma, la bei poa vilevile, matundu mapana kama mdomo wa mbea. Hereni ya dhahabu ameichota, ameipepeta, ameirudishia bahari. Vizibo vya bia, hivyo vinabaki vyote.