Mita 200 Chini ya Kagongwa

Kagongwa tuna mpunga, tuna mashine za kukoboa, tuna malori yanayokwenda Rwanda na Burundi usiku na mchana. Maji ya kupigia mbizi hatuna. Ziwa Victoria lenyewe linatufikia kwa bomba kutoka Ihelele, kwa hiyo anayetaka kuzama aanzie bombani. Hilo halikumzuia mdogo wangu aliyeko Muscat kunitumia saa ya wapiga mbizi, imeandikwa mita 200.

Ni zile saa mpya zinazoigiza uzee. Rolex na Blancpain walitoa za kwao 1953, Seiko wakafuata 1965, na siku hizi viwanda vinafukua makabati ya babu zao. Seiko waliirudisha ile ya 1965 mwaka 2017. Yangu haina jina kubwa, ila ujanja ni uleule: alama na mishale imepakwa krimu iliyochujuka, ionekane imekaa nusu karne. Baba mkwe aliishika, akaigeuza, akauliza kwa upole kwa nini kijana aende hadi Uarabuni kuninunulia mtumba. Kwa mzee huyu, kitu pekee kinachofaa kikishakaa stoo ni mchele.

Utata ulianza usiku. Kiwango cha ISO 6425 kinataka saa ya mbizi isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Mwisho wa kung'aa hakikutaja. Yangu ukiimulika kidogo tu kwa tochi ya simu, inawaka kijani mpaka mke wangu anageukia ukutani na kuniomba nizime taa.

Jirani yangu, mwenye duara lake la kuchimba dhahabu kule Kakola, alihamisha kiti. "Hayo ni madini hayo, yatakula mfupa." Hakukosea, amechelewa tu miaka mia. Rangi ya zamani ilikuwa na radiamu. Huko New Jersey mabinti wa kiwandani walichonga ncha za brashi kwa midomo, taya zikaoza. Na kuanzia miaka ya 1920, radiamu nyingi duniani ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga, kwa Waswahili wenzetu. Rangi ya sasa, iliyotengenezwa na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993, haina mionzi. Inakopa mwanga mchana, inaurejesha usiku, tena bila kufuatwa nyumbani.

Shemeji yangu hana tabia hiyo. Nilimdhamini kwenye kikundi cha mkopo, ile mikopo tunayoiita kausha damu, na siku ya marejesho akazima simu. Akina mama wa kikundi wana utaratibu wao: wanakuja kwa mdhamini, wanakaa mlangoni, wanaomba maji ya kunywa, hawaondoki. Jioni ile nikatangulia kuingia stoo ya mashine, nikajibanza nyuma ya magunia. Mara umeme ukakatika. Nikamshukuru Mungu kwa giza.

Mlango ukafunguliwa.

"Mama, humu hamna mtu," nikamsikia mlinzi. "Ila kuna kitu kinatutazama."

Halafu nikasikia rungu likitoka kiunoni.

"Usipige, ni mimi!"

Mwenyekiti wa kikundi hakustuka. Alisimama palepale mlangoni, akainamisha kichwa kidogo, akasoma mkono wangu bila miwani. "Saa mbili na robo. Marejesho yalikuwa saa kumi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete dhamana."

Nikaivua. Akaifunga, akaunyoosha mkono gizani kuitazama, na nikiri ilimkaa kuliko ilivyonikaa mimi.

"Inaingia maji?"

"Haiingii, mama. Hata uzame mita 200."

"Basi nitafulia nayo," akasema, akamwambia mlinzi afunge stoo.