Sifa za Mbu, Mfadhili wa Tasnifu

Katika taaluma hakuna kiumbe aliyenyimwa haki yake kama mbu jike wa jenasi ya anofelesi, yule anayeinua tumbo juu atuapo ukutani na kueneza vimelea vya malaria. Kwani japokuwa wakulima na wauguzi humlaani usiku na mchana, ni yeye aliyewaokoa wanafunzi wengi wa uzamili katika sayansi na balaa la kuchagua mada. Mtahiniwa huja na pendekezo la utafiti kuhusu mabadiliko ya tabianchi na afya nchini Tanzania, mada ambayo maisha matatu yasingetosha kuimaliza, na msimamizi humsihi aipunguze bila kusikilizwa. Mbu huipunguza.

Ukarimu wake unaonekana vizuri Vugiri, kwenye milima ya Usambara Magharibi wilayani Korogwe. Kila mita 1,000 za kupanda mlima, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, na kimelea cha malaria kali, ambacho hukomaa ndani ya mbu kwa siku zipatazo 12 penye nyuzi 25, huhitaji kama siku 28 penye nyuzi 20, umri ambao mbu wachache sana huufikia. Kwa hiyo mteremko unaotoka uwanda wa Korogwe hadi kwenye mashamba ya chai ni maabara iliyokwisha kujengwa, isiyodai chuo hata senti, na swali linalobaki ni dogo kwa kiasi cha kuingia katika tasnifu moja: maambukizi yanafifia kwenye mwinuko gani, na ni wangapi kati ya wagonjwa wa juu waliougulia bondeni?

Hata anapokosekana, mbu hufundisha. Mtego wa taa ukitundikwa kando ya kitanda chenye chandarua, asubuhi huenda mfuko wake ukawa na nondo na mbu wa kawaida tu, na mtahiniwa hulazimika kukubali kwamba sifuri iliyopatikana kwa utaratibu nayo ni takwimu (jambo ambalo darasani hakulisadiki). Akimpata, hadubini haitamwezesha kutofautisha anofelesi gambiae na ndugu yake arabiensisi, lakini vinasaba vya mguu mmoja vinatosha kumaliza ubishi, na miguu mitano hubaki akiba kwa watahini.

Fadhila kubwa kuliko zote huja katika uandishi wa sura ya mwisho. Tasnifu nyingi hufungwa kwa maneno kwamba utafiti zaidi unahitajika, na mara nyingi hayo huwa adabu tu. Mbu peke yake huyachukua kuwa ahadi, akajenga usugu dhidi ya pairethroidi, viuatilifu vinavyotiwa kwenye vyandarua, kabla nakala yenye jalada gumu haijafika maktaba.