Kukosea kwa Bei Nafuu

Katika starehe zote zinazouzwa sokoni Sabasaba, hapa Dodoma, hakuna inayodharauliwa kama kitreni kibovu cha mtumba. Kimelala chini ya fungu la midoli, gurudumu moja halipo, tumbo limejaa unga mweupe wa betri zilizovuja, na muuzaji mwenyewe anaona haya kutaja bei. Nashikilia kwamba thamani yake iko hapo hapo. Kinampa mnunuzi haki iliyo adimu katika mji wa serikali: haki ya kuharibu kitu bila kuitwa kikaoni.

Ushahidi umo ndani ya kichwa cha treni chenyewe. Ukikifungua utakuta nywele na nyuzi za zulia zimejisokota kwenye ekseli hadi magurudumu yamekaba. Nyuzi hutolewa kwa sindano, na unga wa betri kwa limau na mswaki mkuukuu. Kisha vituko vinaanza. Skrubu ndogo kama punje ya ulezi inaponyoka, na sinia lililotegwa makusudi hailioni. Inakwenda zake uvunguni mwa kabati. Inaopolewa kwa sumaku ya spika mbovu, pamoja na misumari mitatu ambayo hakuna aliyeitafuta. Mota inalia, treni haiendi: kigia cha plastiki kimepasuka. Kinatiwa gundi, na gundi inashika kigia, bisibisi na kidole gumba. Mwisho nyaya mbili zinaungwa kinyume, na treni iliyoelekezwa Kigoma inaondoka kwa fahari kurudi Dar es Salaam. Hasara ya yote ni limau moja na gundi kidogo. Faida ni kwamba mtu hatasahau tena kuwa ukibadilisha nyaya za mota ya betri, mota huzunguka kinyume.

Watasema huo ni utoto, watu wazima wana mambo mazito. Haya, tuwatazame watu wazima. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa, mashariki ya hapa, kwa matrekta ambayo mengi yalikuwa mabaki ya vita, wakajenga na tawi la reli. Ardhi ikakauka ikawa kama saruji, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafutwa ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36. Laiti wangeanza na kitreni cha mtumba! Wengine watasema kitreni kipya cha plastiki cha dukani kinang'aa zaidi. Kinang'aa, lakini vingi vya siku hizi vimegandishwa kwa gundi. Kikizimika, ni msiba. Frank Hornby wa Liverpool alipotoa treni zake za kwanza mwaka 1920 alizifunga kwa nati na bolti, zifunguliwe na kufungwa tena. Watoto wanaounda magari ya makopo na visoda wanaijua kanuni hiyo bila kufundishwa.

Yupo pia wa kuuliza: tangu 2024 tuna treni ya umeme, ya nini kuhangaika na vikuukuu? Namjibu: Reli ya Kati, ile ya zamani, ilifika Dodoma mwaka 1910, na mvua kubwa zikisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, kinachoirudisha kazini ni mikono ya mafundi. Treni hiyo ya umeme, Mchongoko, nayo itazeeka, itataka bisibisi. Kwa hiyo, msomaji, ukikiona kitreni hicho, kinunue. Ila kabla ya kukifungua, tandika shuka jeupe sakafuni.